Mchezo Uliofuta Vipimo

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua soksi, Shabaha aliokota pini. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha mbele, mahali mama yake aliposhonea nguo za watu, akapitisha sumaku chini ya meza, chini ya cherehani na kando ya rundo la vipande. Pini zikiisha, alizoa nyuzi. Nyuzi zikiisha, alishona vifungo. Mama hakuwa na haja ya kumwamrisha. Kazi ilikuwepo tu kila siku, kama mgeni asiyejua kuaga.

Shabaha halikuwa jina la nyumbani la binti huyu. Alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu katika michezo ya simu ya kulenga na kufyatua, hakuna aliyemfikia. Na mwaka huo wote darasa zima, yeye akiwa mstari wa mbele, lilikuwa likisubiri mchezo mmoja tu: Kikosi cha Vumbi. Ungechezwa mtandaoni, watu wanne kila kikosi, wakiviziana kwa bunduki katika mji uliohamwa. Tangazo lake Shabaha alilitazama mara kumi na moja, hadi akajua ni dirisha lipi litavunjika kabla halijavunjika.

Lakini kusubiri nako kunachosha. Watengenezaji walitaja tarehe, wakaahirisha. Wakataja nyingine, wakaahirisha tena na kuomba radhi. Ilipofika mara ya tatu, hata furaha yenyewe ilikuwa imechakaa.

"Safari hii ni kweli," alisema Miwani, rafiki yake wa dawati moja, akipandisha miwani yake puani. "Jumamosi, saa nane mchana. Na kuanzia Alhamisi unaruhusiwa kuupakua, ili siku yenyewe usihangaike."

"Mara ya kwanza ulisema ni kweli. Ya pili ukaapa."

"Subira yavuta heri."

"Hiyo heri inavutwa tangu mwaka jana, Miwani. Kamba si itakatika!"

Wakacheka, lakini Alhamisi hiyo Shabaha aliokota pini haraka kuliko siku zote. Mama alikuwa amelala kidogo kwenye mkeka chumba cha ndani, miguu yake iliyovimba kwa kukanyaga cherehani ikiwa juu ya mto. Simu yake ilikuwa mezani. Ndiyo simu pekee ya nyumba hiyo, na Shabaha aliruhusiwa kuichezea akimaliza kazi.

Akabonyeza kupakua. Simu ikajibu: nafasi haitoshi.

Akafuta picha zilizotoka na ukungu. Nafasi haikutosha. Akatafuta kilichojaza simu, akakuta ni sauti. Zilikuwepo rekodi zaidi ya mia moja, zote za mama.

Hapa yafaa kueleza namna mama huyu alivyofanya kazi. Mafundi wengine huandika vipimo vya wateja daftarini. Yeye alisema mikono ni miwili tu, na yote imeshika futi ya kupimia; kalamu ataishika kwa meno? Na meno yenyewe yalikuwa yamebana pini! Kwa hiyo aliiweka simu mezani ikirekodi, akapima huku akitamka kwa pembe ya mdomo: "Yule mwenye mwanya. Kifua thelathini na sita. Kiuno thelathini na moja." Akimaliza, mara nyingi alisahau kuizima, simu ikaendelea kurekodi kelele za cherehani mchana kutwa. Ndiyo maana ilijaa.

Shabaha alijua hayo. Alijua pia kwamba ndani ya rekodi zile mlikuwa na za zamani, ambazo nguo zake zilikwisha kuvaliwa hadi zikapauka, na za karibuni. Kuzichambua moja moja kungemmalizia jioni. Akajiambia kwamba za karibuni lazima mama ameziweka mahali pengine, ingawa moyoni hakuamini sana. Akabonyeza "chagua zote", akafuta. Nafasi ikawa bado pungufu kidogo. Akaingia kwenye kapu la taka la simu, akalimwaga nalo. Mchezo ukaanza kushuka taratibu, naye akarudi kushona vifungo kwa furaha.

Ijumaa alipotoka shule, alimkuta mama ameketi mbele ya cherehani bila kushona. Hilo halikuwa la kawaida.

"Vipimo vya wauguzi vimepotea," mama alisema.

Walikuwa wauguzi kumi na wanne wa hospitali ya mtaa wa pili, na sare zao mpya zilitakiwa Jumatatu jioni.

"Vimepoteaje?"

"Nimetafuta tangu asubuhi. Nikaenda mpaka kwa fundi simu. Ameniambia simu ni nzima kabisa, vimefutwa kwa mkono." Mama alitazama viganja vyake. "Basi nimefuta mimi. Sijui lini. Sikumbuki hata kidogo."

Hapo ndipo Shabaha alipopaswa kusema. Mama hakumwuliza hata swali moja, wala kumtazama kwa jicho la kumshuku. Wazo hilo halikumpitia kabisa kichwani. Shabaha akajitia kutafuta sumaku, akapiga magoti, akaanza kuokota pini.

Mama akainuka kwa uzito, akatandaza kitambaa cheupe mezani. Kitambaa hicho kilikuwa cha hospitali, kimeletwa kimepimwa sawasawa, hakikuwa na ziada hata ya kiraka. Akachukua chaki.

"Sura zao nazikumbuka," alisema kama anayejibembeleza. "Nitakisia. Yule mrefu wa wodi ya watoto, kifua thelathini na nne. Au ni sita?" Akachora mstari. Akaufuta kwa kiganja. Akachora mwingine. "Nimeshona miaka kumi na tisa, leo nakisia."

"Mama, pumzika kwanza."

"Kupumzika nitapumzika lini?" Sauti ya mama ikashuka. "Bibi yako alianza hivihivi, mwanangu. Kwanza alisahau sufuria jikoni. Halafu akasahau njia ya sokoni. Mwisho akanisahau mimi. Alinisalimia kama mpita njia. Sikudhani zamu yangu itafika mapema hivi."

Akachukua mkasi, akaupanua, akauweka kwenye mstari ambao mwenyewe hakuuamini. Kitambaa kikikatwa hakirudi, hilo Shabaha alilijua tangu hajaanza shule. Lakini si kitambaa kilichomtoa sauti. Ni yale maneno ya mama, kwamba zamu yake imefika.

"Mama, usikate! Si wewe! Ni mimi."

Mkasi ukasimama.

"Nilivifuta mimi jana, ulipokuwa umelala. Nilitaka nafasi ya mchezo. Nikafuta zote, na kapu la taka nikalimwaga."

"Rudia," mama alisema.

Akarudia. Mama akauweka mkasi chini polepole.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

Mama akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa aproni, akalia. Shabaha alizoea kugombezwa na alijua jinsi ya kuvumilia kugombezwa. Kilio hicho hakujua akifanye nini. Akasimama pale pale na sumaku yake mkononi, pini zimening'inia, naye akaanza kulia.

Mama alipofunua uso, hasira ilikuwa imefika. "Na tangu umeingia, unanisikia nikijilaumu, umekaa kimya?"

"Niliogopa."

"Uliogopa! Jana jioni ungeniambia, leo asubuhi wauguzi wote kumi na wanne walikuwa kwenye kikao chao cha wiki. Ningewapima kwa saa moja nikamaliza. Sasa tutawafuata zamu kwa zamu, kama wadai. Kesho saa moja asubuhi tuwe hospitali. Chukua daftari na kalamu. Wewe ndiye utakayeandika."

Jumamosi, saa moja asubuhi, walisimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wakitoka, watu watano, macho mekundu. Mmoja alisinzia akiwa amesimama huku mama akimzungushia futi kiunoni, hata mwenzake akamshika bega asianguke. "Mama Fundi, si ulinipima juzi?" aliuliza mwingine. "Nilikupima, dada. Nisamehe, inua mkono," mama alijibu, wala hakusema zaidi.

Zamu ya asubuhi walikuwa watano pia, lakini hawakuweza kuacha wagonjwa wakaja pamoja. Walikuja mmoja mmoja, wengine baada ya saa nzima. Shabaha na mama walisubiri kwenye benchi la mbao, wakanywa maji, wakasubiri tena. Benchi halikuwa na pa kuegemea. Shabaha aliona namna wauguzi walivyopita na kupita, viatu vyao vikisugua sakafu, hakuna aliyekaa.

Zamu ya mchana iliingia saa nane kamili. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba wa mama. Ulikuwa ujumbe wa Miwani: "Umefunguliwa! Kikosi tuko watatu! Uko wapi?"

Mama akausoma, akamwangalia binti yake. "Mchezo wako umefunguliwa."

"Najua, mama."

"Andika. Nyonga arobaini. Urefu wa gauni arobaini na moja."

Akaandika. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kusikitika kulihitaji nguvu asizokuwa nazo.

Wa mwisho kupimwa alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliinua mikono, kisha akauliza, "Hivi Mama Fundi, kwa nini tunapimwa mara ya pili? Au tumenenepa ndani ya wiki moja?"

Mama aliendelea kupima bega. Shabaha akaelewa kwamba jibu lile ni lake.

"Shikamoo," alisema. "Ni mimi. Nilifuta vipimo kwenye simu ya mama ili niweke mchezo. Halafu nikanyamaza."

"Marahaba. Ulinyamaza muda gani?"

"Tangu juzi mpaka jana jioni."

Muuguzi mkuu akashusha mikono. "Hapa kwetu muuguzi akikosea dawa, swali la kwanza si kwa nini. Swali la kwanza ni saa ngapi. Akisema mapema, mgonjwa tunamwahi. Akificha, tunabaki kubahatisha. Ndiyo maana wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua." Akamgusa kichwani. "Umesema mwenyewe, ni vizuri. Siku nyingine wahi."

Jumapili haikuwa na mapumziko. Mama alikata, akaunga, akapiga pasi; Shabaha alishona vifungo tisini na vinane, saba kila gauni, mpaka ncha za vidole zikafa ganzi. Jumatatu shuleni Miwani alimsimulia mchezo kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza kichwa kikiwa juu ya dawati. Jioni walipeleka sare. Wauguzi kumi na wanne walijaribu, na hakuna gauni hata moja lililobana wala kupwaya.

Wakiwa njiani kurudi, mikono mitupu, mama alitembea polepole kwa ajili ya miguu yake. Mbele ya duka la mwisho alisimama kupumua.

"Vipimo vilikuwa vya watu, na watu wapo," alisema. "Tumevifuata, tumevipata. Lakini Ijumaa, tangu asubuhi hadi jioni, niliishi nikijua kwamba naanza kumsahau mwanangu. Nilikaa pale nikijitajia jina lako la nyumbani, nisije nikalipoteza. Siku ile nani atanirudishia?"

Machozi yalimlengalenga Shabaha.

"Hakuna," mama alisema, bila ukali. "Kosa kila mtu hukosea. Lakini ukikosea, sema, tena mapema. Ukinyamaza, mzigo wako hautoweki. Anaubeba mwingine, akidhani ni wake."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Sasa twende nyumbani tukalale. Jua likitaka, lizame lenyewe."