Choo cha Vitufe Viwili

Siku ya tatu tangu fundi akifunge, choo kipya kilivuta maji chenyewe.

Ilikuwa adhuhuri, jua la Karachi limesimama utosini, umeme umekatika, feni zimenyamaza. Nyumba nzima ilikuwa imekaa mkekani inakula wali na dengu: Bi Kulsum, mwanawe Irshad, mkewe Irshad aitwaye Tabassum, na mtoto wao Mahrukh wa miaka minne, ambaye alikuwa akichambua vitunguu kwenye sahani na kuvificha chini ya mkeka. Huko bafuni maji yakaporomoka, shwaaa, yakanyamaza.

"Nani yuko chooni?" akauliza Bi Kulsum.

"Sote tuko hapa, Amma," akasema Irshad. "Choo hicho. Bado kinajizoeza."

"Kinajizoeza! Kimeletwa kuokoa maji au kuyachezea?"

Wakacheka. Tabassum naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa mlangoni mwa bafu.

Mtaani kwao maji huja Jumatatu na Alhamisi, na huja kwa kusuasua kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Choo cha zamani kilikuwa cha kuchuchumaa, cha tangu enzi za babu yake Irshad, na kila mtu akitoka humo kilitaka ndoo nzima. Ndoo nzima! Wakati watu wanaoga kwa kopo. Kwa hiyo Irshad akamleta fundi Yaqub, mtu wa maneno mengi na meno machache, akafunga choo cha kukaa chenye vitufe viwili mgongoni.

"Hiki kidogo ni cha haja ndogo, kinatoa lita tatu," Yaqub aliwaonyesha. "Hiki kikubwa ni cha haja kubwa, lita sita. Hata mtoto anaelewa."

"Na mwenye tumbo la kuendesha?" Bi Kulsum akauliza. "Abonyeze vyote viwili au aite jirani?"

Lile tundu la zamani Yaqub alilijaza kifusi, akamimina saruji, akabandika kigae juu yake. Likawa kama halijawahi kuwapo.

Sasa sikilizeni alilolifanya Tabassum asubuhi ya siku ile ya kufungwa choo, kabla fundi hajaingia. Choo cha zamani kilikuwa na ukoko wa manjano usiotoka, naye aliona haya. Mwanamume wa watu aje apige magoti pale, aone uchafu wa nyumba yake, kesho auhadithie mtaa mzima? Akachemsha sufuria ya maji, akatia magadi ya kuoshea. Katika nyumba ya Bi Kulsum hakuna aliyewahi kumwaga maji ya moto kwenye tundu bila kutaja jina la Mungu na kuwaonya majini wakaao chini. Unasimama, unagonga ukuta, unasema: jamani wenyeji, jitengeni na wanenu, moto unapita. Ndipo unamwaga. Tabassum aliyajua maneno hayo tangu siku aliyoingia bi harusi. Lakini fundi alishaanza kugonga mlango, sufuria inamuunguza vidole, akamwaga yote kwa mkupuo mmoja, kimya.

Kutoka chini alisikia kitu kama kikohozi cha paka. Akajiambia ni bomba.

Hakumwambia mtu.

*

Baada ya siku ile ya tatu, kikawa kinavuta maji chenyewe kila adhuhuri. Kisha ikaja harufu, harufu ya nywele zilizopitiwa na moto, inayokaa kwenye taulo na kwenye mito. Kisha Mahrukh akaanza kulala kifudifudi kwenye sakafu ya bafu, sikio lake juu ya kile kigae.

"Mahrukh! Inuka hapo, pachafu!"

"Shh, Ammi. Kuna mama analia."

"Mama gani?"

"Wa huku chini. Anambembeleza mtoto wake. Mtoto hanyamazi."

Tabassum akamnyanyua kwa mkono mmoja kama anyanyuavyo kuku, akampeleka uani amuoshe miguu. Akachota maji kwenye mtungi, maji baridi yanayofanya meno yaume, akammiminia kwenye nyayo, na mtoto akapiga yowe ambalo lilimtoa jirani nje.

"Moto! Ammi, ya moto!"

Tabassum akatumbukiza mkono wake mwenyewe. Baridi. Akamtazama mtoto miguu. Ngozi ilikuwa imeiva, nyekundu, na hapo hapo machoni pake lengelenge likavimba juu ya kidole gumba, likajaa, likang'aa juani.

Tangu saa ile kila maji yaliyomgusa Mahrukh yalimchoma. Wakimpa kwenye bilauri anatema, na ulimi wake umebabuka. Wakampa barafu aimung'unye, midomo ikavimba. Daktari akampima, akatikisa kichwa, akamtia dripu, na mtoto akajipinda kitandani akisema kuna moto unatembea ndani ya mkono wake, mpaka daktari mwenyewe, jasho likimtiririka, akaichomoa sindano na kusema, mpelekeni nyumbani, bibi, mimi hapa nilipofika ndipo elimu yangu inapoishia.

Mtoto anakufa kwa kiu na maji yapo. Mmeona mtihani huo? Maziwa yanamchoma, juisi ya embe inamchoma, hata machozi yake yakimshuka yanamwachia michirizi myekundu mashavuni, basi Tabassum alikaa naye mapajani akimfuta machozi kwa ncha ya mtandio kabla hayajashuka, siku nzima, akimnong'oneza asilie, mwanangu usilie, nakuomba usilie, na yeye mwenyewe amegeuza uso pembeni ili ya kwake yasimdondokee.

Siku ya pili ya kiu alimwambia mama mkwe wake habari ya sufuria.

Bi Kulsum hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale jikoni.

"Hukuwaonya?"

"Sikuwaonya, Amma. Niliona haya kwa fundi."

"Haya," akasema Bi Kulsum polepole. "Haya ya fundi." Kisha akavuta mtandio wake. "Namwendea Khala Sughra. Wewe usimwache mtoto."

*

Khala Sughra alikuwa mganga wa vichochoro vile, mama mnene mwenye pumu, anayesomea watu kwenye maji na kuwapulizia. Lakini huyu mgonjwa wake hakuweza kupewa maji, na alipolisikia hilo aliiweka kando bilauri yake ya kusomea. Alasiri ile akageuza ndoo, akaikalia mlangoni mwa bafu, akaongea na choo kama mtu anayeongea na jirani aliyejifungia.

"Salaam alaikum, mwenye mahali. Umo humu?"

Mbele ya macho yao wote, kile kitufe kidogo kikazama polepole, kama kimebonyezwa na kidole kisichoonekana. Maji machache yakashuka.

Irshad akashika fremu ya mlango.

"Kidogo ni ndiyo," Khala Sughra akanong'ona. "Tuone kikubwa. Ewe mwenye mahali, mimi ni mwanamume?"

Kitufe kikubwa kikazama. Maji yakamwagika kwa kishindo.

"Amejibu hapana. Vizuri. Mstaarabu huyu. Wewe ni Muislamu?"

Kidogo.

"Khala, maji!" Irshad akafoka kwa sauti ya chini. "Tangi la paani limebakia vidole vinne, ya Jumatatu hayakuja, na Alhamisi ni keshokutwa, na wenye malori ya maji wamegoma wiki nzima. Hata msikitini watu wanatayamamu kwa mchanga! Usimuulize dini yake, muulize anataka nini!"

"Atanijibu vipi anataka nini kwa vitufe viwili, bwana mkubwa? Panda paani ukaangalie tangi, niache na kazi yangu."

Irshad akapanda. Kutoka humo chini walimsikia akigonga tangi kwa fimbo, na kila sauti ilikuwa na utupu zaidi kuliko ile ya mwanzo.

"Umekosewa na watu wa nyumba hii?"

Kidogo.

"Unataka damu? Tukuchinjie mbuzi mweusi?"

Kikubwa. Lita sita zikaenda.

"Unataka wahame?"

Kikubwa. Sita nyingine, na Bi Kulsum akajipiga mapaja, kwa kuwa sasa kila hapana ilikuwa inawala mara mbili ya ndiyo.

"Unataka kumuua huyu mtoto?"

Wakangoja. Mahrukh alikuwa begani kwa mama yake, mwepesi kama nguo iliyokaushwa, pumzi zake zinakwaruza. Kitufe kikubwa kikazama. Hapana. Bi Kulsum akalia kwa furaha, akasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na Khala Sughra akajipangusa uso kwa upindo wa nguo yake.

"Yamebaki ya kulamba tu!" Irshad akapaza sauti toka paani.

Hapo Tabassum akampa mama mkwe wake mtoto, akaingia bafuni, akapiga magoti pale pale alipoona haya fundi apige.

"Mwenzangu," akasema. "Ni mimi. Yale maji yalikuwa yangu. Yalimpata mwanao?"

Choo kilichelewa kujaa. Walisikia maji yakidondoka ndani ya mgongo wake, tone, tone, tone, kwa muda ambao ungetosha kusoma sura nzima. Kitufe kidogo kikazama. Maji yakatoka kikombe kimoja.

Tabassum akaweka paji la uso kwenye kigae. Kilikuwa na joto. Alitaka kuuliza amekufa, akashindwa kulitoa neno hilo mdomoni, akaligeuza.

"Yuko hai?"

Tone. Tone. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa mbali, ikaja wa karibu. Kitufe kidogo kikazama hadi mwisho, na kilichotoka hakikuwa hata maji, ilikuwa pumzi yenye unyevu.

"Yuko hai!" Tabassum akapiga kelele. "Yuko hai humu chini, tumemzibia kwa saruji! Irshad! Leta nyundo!"

Irshad alishuka ngazi akiruka, akachukua nyundo na tindo, akakipiga kile kigae kama mtu anayemtoa mwanawe mwenyewe, na vipande viliruka, saruji ikapasuka, kifusi wakakitoa kwa mikono, kwa kucha, Bi Kulsum naye akichota kwa sufuria, hata Khala Sughra na pumu yake, mpaka jiwe la mwisho likaporomokea ndani lenyewe na tundu likafunguka, jeusi, na kutoka humo ukapanda mvuke wa moto uliowapita usoni wote wanne, ukatoka mlangoni, ukaelekea chumbani walikokuwa wamemlaza Mahrukh.

Hakuna aliyeona kitu. Lakini kutoka chumbani sauti ikasema, "Maji."

Jirani alikuwa na chupa moja aliyoificha nyuma ya mchele. Mtoto akainywa yote bila kupumzika, na haikumchoma. Akaomba nyingine. Malengelenge yalikuwa yameshaanza kunywea. Nyumba ile ililia na kucheka mpaka majirani wakaja na mikate na halua, na Khala Sughra akabebwa karibu juujuu hadi kwake.

*

Alhamisi maji yalikuja, mengi, wakajaza kila chombo. Mtoto alikuwa anakunywa, anakula, analala. Aliyaangalia mambo ya nyumbani kwa mshangao kidogo, ndiyo. Alishika chapati akaipindua pindua, akamuuliza Bi Kulsum hii ni nini. Alikula vitunguu vyote. "Homa humsahaulisha mtu," Bi Kulsum akasema, akambusu kichwani, na Tabassum akalikubali hilo kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi Tabassum alikaa uani, karibu na mlango wa bafu, amembana mtoto kati ya magoti anampaka mafuta kichwani. Tundu lilikuwa bado wazi, limefunikwa ubao. Chini ya ubao kitu kikasema:

"Ammi."

Mikono yake ikasimama.

"Ammi, kuna giza. Nimekaa vizuri kama ulivyosema, silii. Njoo unichukue."

Mtoto aliye kati ya magoti yake hakugeuka. Alikuwa akichezea ncha ya mtandio.

Tabassum aliutupa ubao, akaingiza mkono hadi begani, akagusa bomba, akagusa tope, hakugusa mtu. Khala Sughra akaitwa mbio. Safari hii tangi lilikuwa limejaa pomoni na akauliza lile swali ambalo walikosa maji ya kuliulizia. Nilikuuliza kama unataka kumuua, ukasema hapana. Je, ulitaka kumchukua? Ulitaka aliyemuunguza mwanao ndiye amlee mwanao huyo? Akauliza hadi sauti ikamkauka, akauliza kwa kuomba, akauliza kwa kutukana. Vitufe viwili vilikaa vimetulia, vyeupe, visafi. Swali walikuwa nalo na maji walikuwa nayo, ila wa kujibu alikuwa ameshahama.

Irshad anasema wazibe. Bi Kulsum anasema wakiziba, wamemziba nani? Na mtoto aliye juu ana homa za usiku, anamshika Tabassum shingo, anamwita mama, na hana kosa. Atafanyaje? Anamlisha. Anamwogesha. Kila asubuhi anakaa naye pale pale mlangoni mwa bafu, maana hawezi kukaa mbali na tundu, anampaka mafuta, anazigawa nywele mafungu matatu.

Na sauti ya huko chini, ambayo kila siku inakuwa ndogo kidogo, inamuuliza:

"Ammi, nani huyo unayemsuka?"