Mikoba, Mawe na Simu ya Bibi

Kila asubuhi ya likizo, kabla ya chai, mvulana mmoja, ambaye wote walimwita Kaka, alizungushwa nyumbani kwao akiwa na mawe mgongoni. Haikuwa adhabu. Mama yake alikuwa fundi wa kushona mikoba ya shule, na hakuna mkoba uliotoka mikononi mwake kabla haujajazwa mawe na kubebwa na mtoto.

"Kimbia kidogo," Mama alisema. "Sasa ruka. Ehe, vuta hiyo zipu kama mtu aliyechelewa kengele."

"Mama, mimi ni mtoto au punda?"

"Wewe ni mteja. Ruka."

Dada yake hakubeba mawe. Yeye aliitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe siku alipoifufua redio ya Bibi kwa kuipiga kofi. Likizo hiyo alikabidhiwa kazi kubwa zaidi: kutangaza mikoba mtandaoni. Alitengeneza tangazo lenye picha ya mkoba wa bluu na kitufe kilichoandikwa "Agiza hapa". Ukikibonyeza, ulipelekwa kwenye ukurasa wenye rangi zote, bei, namba ya simu na fomu ya kuagizia. Tangazo lilikuwa la kulipia. Kila aliyebonyeza alipunguza pesa za Mama, anunue asinunue.

Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, na baada ya hapo nani angehangaika na mkoba mpya? Nayo mikoba ilikuwa imejaa kila mahali, chini ya meza, juu ya kabati, hata bafuni. Mingine ililala kitandani kwa Bibi.

"Hata marehemu babu yenu hakuninyang'anya nafasi namna hii," Bibi alilalamika. "Na yeye alikuwa mnene."

Siku ya kwanza ya tangazo, simu ililia mpaka Mama akachoka kuipokea. Siku ya pili ilikuwa kimya.

"Watu wanabonyeza, Mama," Injinia alisema huku akitazama takwimu kwenye simu yake. "Tena wengi!"

"Wanabonyeza halafu wanaenda wapi?"

"Labda bado wanafikiria."

Mama alisimamisha cherehani. "Ule ukurasa umeukagua?"

"Nimekagua, Mama."

Haukuwa uongo kamili. Alikuwa ameukagua jana.

Mchana simu ililia. Kaka aliiwahi, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Hapo ni kwa watu wa mikoba?" aliuliza mwanamke mmoja kwa ukali. "Nimebonyeza tangazo lenu, nikaambiwa ukurasa haupo. Mume wangu kajaribu, haupo. Tumemwita na jirani, haupo. Hata namba hii nimepewa na mwenzangu aliyeagiza jana. Mmehama, au ninyi ni matapeli?"

Injinia aliichukua simu. "Ni mtandao wako, mama. Hebu toka nje kidogo."

"Niko nje, mwanangu. Niko juu ya ngazi!"

Injinia alimwomba asubiri, akaufungua ukurasa kwenye simu yake. Ulifunguka vizuri kabisa. "Mbona kwangu upo?"

"Lete miwani yangu," Bibi alisema. Aliitoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akalitafuta tangazo mpaka akaliona, akabonyeza kwa kidole gumba. Kisha akasoma kwa sauti: "Samahani, ukurasa unaoutafuta haupo." Akashusha miwani. "Mimi sikuutafuta. Nimeletwa."

Kaka alicheka. Mama hakucheka, alimtazama tu binti yake. Injinia angeweza kuisingizia simu ya Bibi, maana kwa ule ufa kila mtu angeamini.

"Mama, ni mimi," alisema. "Anwani ya ukurasa ilikuwa 'mikoba' tu. Jana jioni niliiona haina hadhi, nikaibadilisha kuwa 'ulimwengu wa mikoba ya kisasa'. Lakini tangazo bado linawapeleka watu kwenye anwani ya zamani."

"Na ulipokagua?"

"Nilikagua kabla ya kubadilisha. Baada ya hapo nimekuwa nikifungua ukurasa wenyewe tu. Sikupitia kwenye tangazo."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Basi lisimamishe kwanza. Tusilipie watu waje kugonga ukuta."

Injinia alilisimamisha tangazo, akairudisha anwani ya zamani, kisha akalibonyeza tangazo lililokuwa bado wazi kwenye simu ya Bibi. Mikoba ikatokea. Akajaribu kiungo kile kile cha tangazo kwa simu ya Mama, na Kaka akatumwa kwa kinyozi jirani kuomba simu yake. Kote ukurasa ulifunguka. Ndipo Injinia akarudi kwa yule mteja aliyekuwa bado anasubiri kwenye simu.

"Samahani sana, mama. Kosa ni langu, si mtandao wako. Unaweza kushuka."

Tangazo lilirudishwa, na simu ikaanza kulia tena. Yule mama alikuja mwenyewe jioni, akiwa na mume wake na jirani, wakaondoka na mikoba minne. Kufikia Jumapili Bibi alikuwa amerudishiwa kitanda chake.

"Mkoba ukining'inia ukutani hauna kasoro," Mama alimwambia Injinia walipokuwa wakifagia vipande vya uzi. "Ndiyo maana naujaza mawe na kumpa mtoto abebe. Tangazo lako nalo lijaribu hivyo hivyo. Pita njia anayopita mteja, kwa simu isiyo yako, tena kila unapogusa kitu. Na mtu akikuuliza kama umekagua, mwambie na lini."

"Sawa, Mama." Injinia alitazama simu, akashangaa. "Mama! Kuna mtu ameagiza mkoba wa kila rangi! Ila mahali pa kupelekewa ameandika 'kitandani'."

Wote wakageuka kumtazama Bibi.

"Nini?" Bibi alisema akifuta miwani. "Si mlisema tangazo lijaribiwe kwa simu ya mwingine? Nimejaribu mpaka mwisho."