Mlezi wa Nne

Kataa. Nakwambia mapema, kataa kabisa kuniamini, maana wenye vyeti vyao ukutani walikataa kabla yako na leo wakifika mtaa wa kisa hiki wanavukia upande wa pili wa barabara. Mimi shule niliikimbia darasa la sita, lakini hili nalijua kuliko waliomaliza. Ukifika mwisho bado unacheka, nitakubeba mgongoni hadi sokoni na kurudi.

Dada yangu, ambaye hata nyumbani tunamwita Mwalimu, ana kituo cha chekechea: vyumba viwili, uzio wa mabati, watoto arobaini na sita. Mmoja wao ni wa tumbo lake mwenyewe, Kidoti, miaka minne, mkaidi kama mjomba wake.

Kila mwaka ofisi ya elimu hutaka fomu ya takwimu. Watoto wangapi, walezi wangapi. Mwaka ule likaja sharti jipya: kila watoto kumi na watano, mlezi mmoja, kituo kisichotimiza kinafungwa. Mwalimu alikuwa na walezi watatu, yaani yeye, Msaidizi, na bibi mmoja mstaafu. Watatu wanatosha watoto arobaini na watano. Mtoto mmoja aliyezidi alikuwa anadai mtu mzima mzima.

"Mtoe Kidoti," Msaidizi akamshauri. "Andika yuko nyumbani."

"Mwanangu asihesabiwe kwenye kituo changu? We vipi?"

Basi akaandika mlezi wa nne. Mwanamke, miaka thelathini, hana mume, hana mtoto. Idadi ya watoto anaowalea: mmoja. Jina akalitunga papo hapo. Silitaji, bado nina safari zangu.

Jumatatu, daftari la mahudhurio lilikuwa na saini nne.

"Msaidizi, utani huu sitaki."

"Utani gani, dada? Uangalie huo mwandiko, kama wa karani wa mahakama. Mimi nikiandika jina langu watu wanadhani kuku kapita."

Mwalimu akacheka, akafunga daftari. Jumanne saini ikawepo tena, na muda wa kuingia, saa moja kasoro dakika mbili, kabla hata ya yeye kufungua kufuli.

Kisha harufu. Poda ya watoto, ile ya kwenye kopo, ambayo kituoni haiingii kwa sababu bibi mstaafu inamkohoza. Ilikaa kona moja tu ya chumba cha kulala, palipokuwa na mkeka wa Kidoti. Na siku hiyo mtoto akaamka usingizi wa mchana nywele zimesukwa, mistari imenyooka kama ya rula.

"Nani kakusuka?"

"Mwalimu wangu."

"Mwalimu wako ni mimi, mama."

Kidoti akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama aliyechanganyikiwa. "Wewe ni wa wale wengine."

Hapo ndipo wivu ulipomwingia dada yangu, na wivu wa mama usiuone hivihivi. Nyumbani akamfumua mtoto kwa nguvu, msuko mmoja baada ya mwingine, Kidoti analia. Alipotaka kumwogesha, mtoto akajibana ukutani.

"Amesema usinishike. Mikono yako imeshika watoto wengi."

Mwalimu akaniangalia. Nami, ninayejisifu kuwa simba, nikajifanya naangalia simu.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana alikaa mwenyewe na watoto waliolala. Mapazia yalikuwa yamefungwa, nje jua linachoma mabati, na Mwalimu akaanza kuhesabu vichwa kama kawaida yake, akafika arobaini na tano, na alipomgeukia Kidoti akaona amelala kwa ubavu, mkono wake mdogo umeinuka hewani na kutulia pale kama umewekwa kiunoni mwa mtu, na mkeka ulio mbele yake, usio na mtu, umebonyea, na poda imejaa hewani hadi ulimi unaisikia, na nywele za mtoto zinagawanyika zenyewe, taratibu, mstari baada ya mstari, na sauti ya mwanamke, ya chini, ya upole kabisa, inahesabu moja, halafu inarudi mwanzo, moja, moja, moja, kama mtu aliyesubiri miaka mingi apewe cha kuhesabu.

"Mwache mwanangu," Mwalimu akanong'ona.

Hesabu ikakoma.

"Wewe unao arobaini na watano," sauti ikasema. "Mimi nimeandikiwa mmoja. Unataka na huyu?"

Alimnyakua mtoto akatoka mbio mpaka ofisi ya elimu, Kidoti begani akinyoosha mikono nyuma, akimlilia mtu asiyeonekana. Mimi niliwakuta njiani nikawafuata.

Karani wa takwimu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alisikiliza yote bila kuacha kupanga mafaili.

"Ulimwandika asiyekuwepo," akasema. "Kila mwaka nawapata wawili watatu. Kwa mganga umeshaenda?"

"Bado."

"Usihangaike. Huyu ana ajira, mwanangu. Ataondoka kwa utaratibu wa ajira." Akatoa fomu ya marekebisho. "Kuacha kazi anatakiwa asaini mwenyewe, na hatasaini. Kufariki... nani ataenda kumwambia amefariki? Siyo mimi. Kwa hiyo tunamhamisha. Mpeleke kituo cha kule kiwandani, kilifungwa, hakina hata mtoto mmoja. Akakae huko na madawati. Na Kidoti mwondoe kwenye orodha."

"Na kituo changu?"

"Watoto arobaini na watano, walezi watatu. Umetimia."

Mwalimu alisaini, muhuri ukagongwa. Saa ileile mtoto akanyamaza begani, akamshika mama yake shingo na kusema ana njaa. Daftari halikupata saini ya nne tena. Kidoti sasa hushinda nyumbani kwa jirani, hahesabiwi popote, mzima wa afya.

Hapo ndipo huwa naishia, na watu hunipigia makofi. Lakini kuna kipande nakiruka.

Dada alisaini, ila Kidoti alikuwa akijitupa begani, hakuweza kuandika zaidi. Aliyejaza sehemu ya kituo anachohamia alikuwa mimi. Na kile cha kiwandani sikukiandika. Kuna binti alikuwa mpenzi wangu, akaniacha kwa sababu ya mwanamume mwenye gari na suruali za kupiga pasi, wakaoana, wakapata mtoto. Anafundisha chekechea karibu na soko, na mtoto wake anasoma palepale. Niliandika kituo hicho. Idadi ya watoto anaowalea: mmoja. Karani aligonga muhuri bila kusoma.

Juzi nilikutana barabarani na binti yule, mtoto wake ubavuni. Amekonda. Akaniambia mwanawe hataki tena kubebwa naye, hajui amekosea nini.

Nikamwambia pole. Nikamsifia mtoto, kwamba amesukwa vizuri.