Msiba wa Kabati

Nilikuwepo. Asije mtu akawaambia vingine. Yote niliyaona kwa macho yangu haya mawili, kupitia ufa wa kabati, maana ndani ya kabati nilikuwa mimi. Ilikuwa filamu ya dakika nane: mwanamume anamlilia mkewe aliyefariki, na mke mwenyewe ni kabati la nguo. Mume aliigizwa na kinyozi. Marehemu nikawa mimi. Nilivyolitikisa kabati lile likikata roho, kinyozi alitoa machozi ya kweli. Kuna waigizaji, halafu kuna mimi.

Tuyaache hayo. Hadithi ni ya Mpiga Picha.

Riziki yake ilikuwa picha ndogo za vitambulisho: ukuta mweupe, watu wasiocheka. Filamu hii aliiota miaka kumi na moja. Chumba aliazimwa na shangazi yake, chumba cha marehemu mumewe, kwa sharti moja.

"Jua likizama, kila kitu kiwe kilipokuwa," shangazi alimwambia akimkabidhi ufunguo. "Mume wangu alihamisha kiti kile mara moja tu."

"Ikawaje, Shangazi?"

Shangazi akaenda zake kuanua nguo.

Basi jioni ile kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi: kurudisha vitu, kufunga, kupeleka ufunguo. Asubuhi, kabla hawajagusa kitu, Mpiga Picha alikuwa amekipiga chumba picha, ndivyo wafanyavyo watu wa filamu. Sasa dada yake, fundi cherehani aliyeshona mavazi, aliishika kamera na kuamrisha.

"Kiti dirishani. Kiangalie nje. Hapo hapo."

"Na saa ya ukutani?" kinyozi aliuliza.

"Imelalia kushoto. Ilaze."

"Dada, wewe ungefaa kuwa askari magereza."

"Na wewe mume wa kabati, fanya haraka, jua hilo linaondoka."

Wakacheka. Mpiga Picha akashika kitasa.

Mlango haukufunguka.

Ufunguo ulizunguka vizuri. Kitasa kilishuka vizuri. Mlango ukakaa kama umejengewa ukutani. Akavuta peke yake, wakavuta wote watatu. Dirisha lilikuwa na nondo nene kama vidole gumba. Mimi, ambaye walishanisahau, nikausukuma mlango wa kabati nitoke niwape nguvu. Nao ukagoma. Nikagonga. Hakuna aliyegeuka.

Kisha ikaja harufu... Udongo uliolowa. Chumbani, siku isiyo na mvua.

Nje ya mlango ikasikika sauti ya shangazi, ya chini sana.

"Mmerudisha?"

"Tumerudisha, Shangazi! Tufungulie!"

"Kila kitu?"

Wakaanza upya. Glasi ikasogezwa vidole viwili. Pembe ya zulia ikakunjwa. Bado. Mwanga ulikuwa unanywea. Dada akaikuza picha kwenye kioo cha kamera, akaipitia kona moja moja, na ghafla kidole chake kikasimama.

"Kaka... kiti hakikuwa kitupu."

Juu ya mgongo wa kiti kilichomoza kisogo cha mtu. Ametulia. Anaangalia dirishani. Shingoni, chini kidogo ya nywele, kipande cha plasta.

Mpiga Picha akapeleka mkono shingoni mwake, taratibu. Plasta ilikuwepo. Kinyozi ndiye aliyemkata, saa tisa alasiri, alipokuwa akimnyoa huku wakisubiri kivuli kisogee.

Picha ilipigwa asubuhi.

"Nani aliipiga hii?" kinyozi alinong'ona.

"Mimi," Mpiga Picha alisema.

"Na aliyekaa?"

Mpiga Picha akakigeukia kiti. Kiti kikalia, kiii... kama kinavyolia mtu anaponyanyuka kumpisha mwenzake.

"Usikae," dada alimng'ang'ania mkono. "Kaka, nakuomba. Tutauvunja mlango."

"Kwa kitu gani? Kwa mkasi wa kinyozi?" Alijaribu kucheka. "Wateja wangu nawaambia kila siku: kaa wima, usicheke, ni mara moja tu. Leo zamu yangu. Nyie mtoke."

Jua lilibaki wembamba wa uzi.

Akauachanisha mkono wa dada yake, kidole kimoja kimoja.

Akakaa.

Harufu ikakatika. Mlango ukafunguka wenyewe, polepole, na mwanga wa kibarazani ukamwagika hadi miguuni pao. Dada aliita, "Kaka!" Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisogo hakikugeuka. Kinyozi akambeba dada mzegamzega, wakatoka.

Ndivyo ilivyokuwa, na mwenye kubisha aje tubishane. Ila kwa kuwa mimi si mtu wa uongo, nikiri. Kitu kimoja nimekitia mwenyewe, hadithi isiwalemee.

Pale niliposema mlango ulifunguka.

Haukufunguka.

Wala huu wa kabati.