Tumbo la Kila Machi

Anhar Zahrun alifundisha hesabu katika shule ya msingi ya wasichana, pembezoni mwa mji wa Amara. Kila asubuhi alifunga hijabu, akamshika mkono binti yake Yardna, wakaenda shuleni pamoja. Walimu wenzake walimpenda. Hawakujua kwamba yeye ni Msabai, mtu wa dini ya Nabii Yahya. Yeye naye hakuwaambia. Katika shule yake ya kwanza walijua, na hakuna aliyekunywa chai aliyoimimina. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Lakini kila Machi ilifika sikukuu ya Banja, siku tano za kubatizwa mtoni. Hapo Anhar aliomba cheti kwa binamu yake daktari: anaumwa tumbo. Miaka minne, tumbo lile lile.

Mwaka wa nne, Anhar aliporudi kazini, Mwalimu Mkuu, Bi Khawla, alivipanga vyeti vyote mezani.

"Mama Yardna, hili tumbo lako lina kalenda?"

Walimu wawili waliokuwa ofisini wakacheka. Anhar akajitia kucheka.

"Ni ugonjwa wa zamani, Bi Khawla."

Bi Khawla hakucheka. Akamwita Yardna, mtoto wa miaka saba.

"Mama alikuwa anaumwa?"

"Sana! Alitapika usiku kucha. Mimi nikamshikia beseni."

Hakukuwa na beseni. Anhar alimfundisha mtoto kusema "mama anaumwa" tu. Beseni Yardna aliliongeza mwenyewe, bila kupepesa macho. Anhar aliona aibu ambayo hata ile chai iliyoachwa ipoe haikuwahi kumtia.

"Jumapili, wiki ya kazi ikianza, niletee maelezo kwa maandishi," alisema Bi Khawla. "Cheti cha uongo kinafukuzisha kazi. Unajua."

Jioni Anhar alikwenda kwa jirani yake, Mzee Abbud, Mwislamu, karani mstaafu wa ofisi ya elimu. Akamweleza yote.

"Kwa nini hukuomba likizo ya sikukuu?" aliuliza mzee.

"Kwani ipo?"

"Ipo! Mwanangu, umesoma hesabu zote hizo, haki yako huijui? Sheria ya sikukuu inawapa Wasabai siku zao. Siku zinazozidi, omba likizo ya kawaida. Andika barua mapema. Peleka nakala mbili. Moja igongwe mhuri, uitunze. Likizo ya ugonjwa ni ya mgonjwa."

"Nikiandika, wote watajua."

"Watajua." Mzee Abbud hakumdanganya. "Wengine watakukimbia. Watu wangu nawajua. Lakini uongo umeshamfika mtoto, Anhar."

Anhar alilia pale pale, kisha akaomba karatasi.

Jumapili Bi Khawla aliisoma barua mara mbili. Ilisema: "Sikuwa mgonjwa. Mimi ni Msabai. Nilikuwa mtoni kwenye sikukuu yetu. Naomba radhi."

"Miaka minne umekaa nasi hivi?"

"Niliogopa."

"Kosa ni kosa, mwalimu. Utapewa onyo, na litaingia kwenye faili." Akaikunja barua. "Ungeniomba."

"Ungenipa?"

"Sijui. Lakini barua ningelazimika kuijibu."

Habari zilienea siku hiyo hiyo. Bi Fawziya, aliyekaa naye meza moja, alihamisha kikombe chake. Wengine walibaki. Anhar aliumia, tena sana, lakini usingizi wake ulirudi.

Machi iliyofuata alipeleka barua wiki mbili kabla. Ilijibiwa kwa mhuri na sahihi. Banja ilipokwisha, Bi Khawla alikutana na mama na binti langoni.

"Yardna, siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, akingoja kuambiwa la kusema. Anhar alinyamaza.

"Mtoni," alisema Yardna. "Nilizamishwa mara tatu. Maji yalikuwa baridi, nikalia."