Walikotoka Walikuwa Wanakula Nini?

"Wamekunya tena!" fundi cherehani alifoka kwenye simu huku amebana pua. "Na safari hii si sakafuni. Ni juu ya gauni la bibi harusi!"

Upande wa pili mchumba wake alicheka. Alikuwa na kicheko kizito, cha taratibu, kilekile kilichomlainisha fundi siku aliyokuja kutengeneza friji ya jirani, akaomba maji ya kunywa, akakaa mpaka jioni.

"Mpenzi, wanazoea mazingira tu hao."

"Hawazoei, wanaharisha! Uji wa kijani, unanuka kama samaki aliyesahaulika juani. Yule mweupe mkia wote umegandamana. Njoo ujionee!"

"Niko kazini mbali, narudi Alhamisi. Wape kabichi, watapona. Nakupenda, eh? Jumamosi nakuja na wazee kutoa posa."

Simu ikakatika.

Shangazi yake, aliyekuwa akikanyaga cherehani ya pili dirishani, hakuinua hata kichwa.

"Mwanamume akikuletea zawadi inayokunya, na aje aifute mwenyewe."

"Jamani shangazi! Nilimwambia mara moja tu kwamba utotoni nilitamani sungura, akakumbuka. Nani mwingine angekumbuka?"

"Mimi nakumbuka kwamba yeye ni fundi wa friji, na humu ndani tunakunywa maji ya moto."

Ilikuwa siku ya nne tangu sungura wale wawili, mweupe na wa kijivu, waletwe wakiwa ndani ya boksi. Siku ya kwanza walikula kabichi, karoti na mkate uliobaki. Siku ya pili vikaanza vitu vya kunata. Sasa mweupe alikuwa akivuja, na wa kijivu hali, hanyi, amejikunyata pembeni akisaga meno. Fundi alipomwinua mweupe, uji wa vuguvugu ulimteremka hadi kwenye kiwiko. Alimrudisha sungura chini, akakimbilia sinki na kutapika chai yote ya asubuhi.

Saa nne alikuwa kwa daktari wa mifugo, mzee mwenye miwani na chumba kinachonuka dawa ya kuogeshea mbwa. Daktari alimgeuza mweupe kwenye meza ya bati, akainama, akanusa.

"Daktari, unanusa?"

"Wewe unanusa vitambaa vipya, mimi nanusa hii. Unawalisha nini?"

"Kabichi, karoti, mkate. Na juzi, samahani, nilimwona huyu anakula choo chake mwenyewe! Nilitaka kuwatupa wote."

"Hicho cha kawaida. Kile laini sungura hukila tena, ndivyo alivyoumbwa. Walikotoka walikuwa wanakula nini?"

"Sijui."

"Basi ugonjwa ndio huo. Tumbo la sungura lina vijidudu vyake vilivyozoea chakula kimoja. Ukimhamisha nyumba anaingiwa na hofu. Ukimbadilishia na chakula siku hiyohiyo, tumbo linavurugika. Huyu anaharisha. Lakini wa kijivu tumbo limesimama kabisa, na yeye ndiye aliye hatarini. Mpigie aliyekupa."

Fundi akapiga.

"Mpenzi, yule mfugaji alikuwa anawapa chakula gani?"

"Mfugaji yupi?"

"Yule uliyesema alikugawia sungura kwa sababu anahama mji!"

"Aah, yule. Sijui bwana. Namba yake haipatikani tena."

"Aliishi wapi? Nikaulize majirani."

"Ya nini kujisumbua? Wakifa nitakuletea wengine."

Alilisema kama mtu anayezungumzia betri za tochi. Fundi akakata simu.

Daktari alikuwa amefunua sikio la wa kijivu, anatazama kovu.

"Mshono huu ni wangu," alisema. "Sikio lilinasa kwenye waya mwaka jana. Mwenyewe ni mwalimu wa chekechea. Siku ile alilia kuliko sungura. Ngoja nimwulize."

Akapiga, akaeleza, kisha akamkabidhi fundi simu.

"Dada," sauti ya mwanamke ilitetemeka. "Eti wangu wako hai? Wa kijivu na mweupe?"

"Wako hai, ila wanaumwa. Kwani hukuwagawa?"

"Nigawe? Nilirudi kazini nikakuta banda liko wazi. Mume wangu akasema mbwa wamewararua, ameshazika mabaki nisije nikaona. Akanionyesha mpaka kaburi. Nimeweka na maua, dada. Wewe umewapata wapi?"

Fundi akaibana simu sikioni.

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Fundi wa friji. Muda wote yuko safarini."

Angeweza kusema amewanunua sokoni. Neno moja tu, na Jumamosi posa ingekuja. Na kweli neno lile lilimfika ulimini, maana alimpenda yule mtu, na moyo haukubali kirahisi kunyang'anywa chake. Lakini wa kijivu alikuwa pale mezani anasaga meno kwa maumivu.

"Dada, nisamehe. Mimi ni mchumba wake. Sikujua kama ana mke. Sungura wako amenipa mimi zawadi."

Nyuma ya mwalimu watoto walikuwa wanaimba namba.

"Wa kijivu anakula?" mwalimu aliuliza hatimaye.

"Hali kabisa."

"Nyasi kavu tu, na maji. Kabichi usimpe hata jani, hajawahi kuonja. Mpapase tumbo polepole, anapenda hivyo. Nakuja."

Alipofika alitaka kuwachukua palepale. Daktari akakataa.

"Kuhama mara moja kumewafikisha hapa. Ukiwahamisha leo, wa kijivu hafiki. Wakae kwa fundi mpaka wapone."

Basi kila alasiri baada ya darasa mwalimu akawa anakuja kibandani kwa mwanamke aliyetaka kuolewa na mumewe. Siku ya kwanza hawakutazamana. Mmoja alishika sungura, mwingine akamwingiza dawa mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Siku ya pili waliinamia beseni moja la maji ya vuguvugu, wakilowesha na kubandua mabonge ya kinyesi kwenye manyoya ya mweupe.

"Mume wangu hawezi hata kupita karibu na harufu hii," mwalimu alisema.

"Kwangu alipita mara moja, akaacha boksi mlangoni."

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja.

Alhamisi saa kumi mchumba aliingia akipiga mluzi, keki mkononi.

"Mpenzi wa—"

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, wa kijivu mapajani.

"Endelea," alisema. "Mpenzi wa nani?"

"Usimsikilize huyu," alimgeukia fundi haraka. "Tulishaachana zamani."

"Na kaburi la sungura?" shangazi alidakia. "Ulichimba mkiwa mmeachana?"

"Nilifanya kwa mapenzi! Wewe si ulisema unatamani sungura? Nilitaka ufurahi. Wote nilitaka mfurahi!"

Akanyoosha mkono kumshika fundi. Fundi aliutazama ule mkono uliotandaza udongo juu ya shimo tupu na kumwacha mke aweke maua. Akarudi nyuma mpaka kwenye sinki, akafungua maji, akanawa hata kabla hajaguswa.

"Siku sita nafuta mavi," alisema. "Nimeyakuta kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye kazi za wateja. Nilidhani hakuna kitakachonitia kinyaa zaidi. Lakini yale yalitoka kwa mgonjwa. Wewe ni mzima."

"Mpenzi, sikiliza..."

"Toka."

"Na funguo za nyumba ya mama yangu acha hapo mezani," mwalimu akaongeza. "Nguo zako utazikuta kwa jirani."

Akaziacha. Keki akatoka nayo.

Siri ile ikaisha hivyo, lakini wa kijivu bado alikuwa hajanya. Ijumaa mchana mwalimu aliinua tambara la banda dogo walilowatengenezea sungura, akaita kwa sauti iliyomfanya shangazi ajichome kidole.

"Njooni! Njooni muone!"

Punje tatu. Ndogo, ngumu, za duara. Wanawake watatu waliinama juu yake, na hakuna aliyeziba pua.

Baada ya siku kumi daktari aliruhusu. Mwalimu aliwapakia sungura pamoja na mfuko wa nyasi zao. Mlangoni simu yake ikalia, na ya fundi ikalia vilevile. Wakasoma.

"Nimekosa, sina pa kulala, wewe ndiye pekee ninayekupenda."

Ujumbe mmoja, herufi kwa herufi.

"Hata kuubadilisha ameona kazi," mwalimu alisema.

"Mfute tu, dada."

Wakafuta wote. Mwalimu akamshika bega kidogo, akaondoka.

Fundi akachemsha maji, akasugua sakafu kwa sabuni, pembe hadi pembe. Alipofika mahali banda lilipokuwa, brashi ilimponyoka, na kwa mara ya kwanza akalia kwa kwikwi.

Shangazi akasimamisha cherehani, akaketi naye palepale kwenye maji.

"Lia, mwanangu. Ulimpenda kweli. Aibu ni ya aliyedanganya."

Fundi akamlalia begani, akalia mpaka sakafu ikakauka.