Mkono Uliomlisha

Jua lilikuwa linazama Eirowida alipopanda majabali na kikapu cha chakula cha mjomba wake. Boga la kuchemsha na samaki watatu wakavu, basi. Kisiwa kizima cha Nauru kilikula maboga siku hizo, maboga yaliyooteshwa kwenye mapipa ya kinyesi kwa amri ya Wajapani, na hakuna aliyeuliza tena yananuka nini.

Chini yake, kwenye uwanja wa ndege, wanaume walikuwa wakifukia mashimo ya mabomu ya jana. Mumewe Demauna alikuwa miongoni mwao. Alimtambua kwa jinsi alivyoegemea jembe, mvivu yule, hata vitani.

Madege ya Wamarekani yalikuja kila jioni. Kila jioni Wajapani walirukia mahandakini, na wenyeji wakaachwa juu na majembe yao. Mwanzoni mabomu mengi yalianguka baharini na kuua samaki. Lakini tangu mwezi huu uandame, hayakukosea hata mara moja. Madege yalishuka moja kwa moja, kama yanayoitwa.

Watu walianza kunong'ona. Nani anayaita?

Mjomba Eongen alikuwa mfugaji wa ndege weusi wa bahari, wale wenye mbawa ndefu na mkia uliopasuka kama mkasi. Kazi yake kila mtu kisiwani aliijua. Unamfuga mmoja, unamweka kwenye kitulio cha miti, unamlisha samaki kwa mkono. Wale wa porini wakimwona mwenzao ametulia, hushuka, ukawanasa. Na ndege aliyefugwa humfuata aliyemlisha mwisho. Ndiyo maana akipotea akatua juu ya paa lako, unampa samaki. Kumnyima ni aibu ya ukoo mzima.

Mke wa Eongen alikuwa na ukoma. Wajapani waliwapakia wagonjwa wote mashuani, wakasema wanawapeleka kutibiwa. Wakawavuta hadi kwenye kina kirefu. Kisha wakawapiga mizinga.

Baada ya hapo Eongen alikihamisha kitulio chake kutoka ufukweni, akakisimika huku juu, kwenye majabali yanayotazama uwanja. Watu walisema ni huzuni. Wakamwacha.

"Maboga tena?" sauti yake ilitoka nyuma ya jiwe.

"Kama huyataki, mjomba, nirudi nayo."

"Yaache. Ila nikifa mniogeshe mara mbili. Tumbo langu limeshakuwa choo."

Eirowida alicheka. Mjomba hakucheka. Alichukua samaki mmoja, akamtafuna polepole, hakumeza. Akaondoka na shavu limevimba.

Tak. Tak. Tak.

Ulikuwa mlio wa mdomo wa ndege mwenye njaa. Eirowida alifuata nyuma. Harufu ilimfikia kwanza... haikuwa ya boga.

Juu ya kitulio alichutama mtu.

Vidole vya miguu yake vilikuwa vimekamata mti. Mikono ilikunjwa nyuma, viwiko juu. Shati lake lilikuwa la rubani. Shingoni alizungushiwa kamba ya nazi, duru juu ya duru, kama mdomo wa mtungi uliopasuka ukafungwa.

Eirowida alimjua.

Watu wote wa wilaya walipangwa ufukweni wamtazame siku Wajapani walipomuua. Mmarekani aliyeanguka na dege lake alipigishwa magoti mchangani. Upanga ulishuka mara moja. Kichwa kilibingirika hadi majini, na askari mmoja akakirudisha kwa teke, wenzake wakashangilia.

"Mjomba... huyu si walimkata?"

"Nimemshona."

Mzee alimsogelea, akamtemea samaki kinywani. Koo lile lililofungwa kamba lilipanda, likashuka.

"Anakula vizuri sasa," alisema kwa upole. "Mwanzoni alikuwa anatema."

"Kwa hiyo ni wewe unayeyaita."

"Wenzake wanamwona ametulia. Wanashuka. Kuna kosa gani?"

"Demauna yupo pale chini!"

"Najua. Nilimwambia ajivunje mguu, asipangiwe kazi. Hakutaka. Mlete kesho, nimvunje mimi. Sitampiga kwa nguvu."

"Na leo?"

Mjomba alitazama mawingu upande wa mashariki.

"Leo wameshakaribia, mwanangu."

Eirowida alimsukuma kwa mikono miwili.

Kati ya majabali yale kuna mashimo marefu waliyoyaacha wachimba mbolea. Mzee hakupiga kelele. Ulisikika mfupa ukivunjika. Kisha sauti yake ikapanda kutoka chini, nyembamba:

"Usimlishe! Eirowida, usimpe kitu kwa mkono wako!"

Lakini yule wa kwenye kitulio hakutaka kushuka. Eirowida alimvuta mguu, vidole havikuachia. Alimpiga kwa fimbo; alipepesa macho tu. Na kwa mbali, mvumo ulikuwa umeanza... Wajapani wakapiga king'ora. Chini kule, Demauna aliinua uso akatafuta angani.

Akachukua samaki wa pili. Akamnyoshea.

Tak.

Midomo baridi iligusa kiganja chake. Yule akashuka, mwepesi kama kikapu kitupu, akamfuata hadi ukingoni. Eirowida akamsukuma huyo pia. Hakusikia akianguka.

Madege yalifika, yakazunguka juu ya uwanja kama yaliyopotea njia. Kisha yakageukia baharini na kumwaga mzigo wote huko.

"Alikula mkononi mwako?" sauti ya shimoni iliuliza.

Eirowida alikifuta kiganja kwenye jiwe.

"Binti... usirudi nyumbani."

Aliona ni chuki ya mzee. Alichukua kikapu chake akaenda zake, na mzee akamwacha humo.

Nyumbani Meneng, karibu na ufuko, mwezi ulikuwa umeshatoka, mweupe. Demauna alikuwa mlangoni na mtoto wao begani, anacheka peke yake.

"Leo wamelewa hao! Wameua papa tu! Mke wangu, kuna nini cha kula zaidi ya choo?"

Eirowida alimpa samaki wa tatu. Alinawa mikono kwa mchanga, kwa maji ya chumvi, kwa majivu. Kiganja kilinuka vilevile. Demauna alikula nusu ya samaki, nusu akaiweka kando.

"Hii yako."

Hapo majani ya paa yakalia. Kitu chepesi kilikuwa kimetua.

Tak. Tak. Tak.

"Ndege wa mtu amepotea," alisema Demauna. "Labda wa mjomba wako."

Na kwa mbali, upande wa mashariki, mvumo ulirudi. Jioni moja, mara mbili. Haijawahi kutokea.

Eirowida alielewa. Yule wa kitulioni atamfuata yeye aliyemlisha. Basi aende naye mbali, ambako hakuna paa.

"Funga mlango," alisema. "Kaa na mtoto. Usitoke."

"Unakwenda wapi?"

"Kunawa mikono."

"Utajichuna ngozi, wewe mwanamke!"

Alibusu kisigino cha mtoto, akatoka bila kutazama juu. Maji yalikuwa yamekupwa. Alitembea juu ya miamba, maji kifundoni, akagonga ulimi kama mjomba alivyomfundisha utotoni. Tak, tak. Njoo. Alifika ukingoni, mahali bahari inapogeuka nyeusi. Akafumba macho, akaunyosha mkono mtupu, akangoja uzito.

Haukuja.

Mvumo ulikua. Alingoja. Meno yake yaligongana.

Akageuka.

Ufuko wote ulionekana kwa mwangaza wa mwezi. Mlango ulikuwa wazi. Demauna alikuwa amesimama nje, mtoto kwenye nyonga, mkono wa kulia ameuinua kuelekea paa. Kitu cheusi kilikuwa kimeinama juu yake, kinapokea. Mtoto alikuwa akipiga makofi.

Nusu ya samaki. Hakutaka ukoo uaibike.

"Demauna!"

Madege yalipita juu ya kichwa chake, chini mno, yametulia, yakielekea paa lile. Upepo wake ulimlaza majini. Halikumtazama hata moja.